Ukitaka kuusikia udi, anza chumbani

Waulize watu waliotoka kwenye taarabu, Unguja au Mombasa, udi ulikuwa ukisema nini. Watakutajia fidla, watakutajia ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, watakughania beti mbili za mwimbaji. Udi waliuona tu. Mpigaji alikaa mstari wa mbele, amekumbatia chombo chenye tumbo kama nusu ya boga, mkono wa kulia ukipanda na kushuka usiku kucha, na sauti yake ikamezwa na kila kilichomzunguka. Ni hasara kubwa, maana nyimbo nyingi za taarabu ya zamani zilitungwa udi ukiwa mapajani mwa mtunzi. Lawama mara chache huwa ya mpigaji. Kwanza ni mahali, pili ni fundi mitambo, tatu ni kiti alichochagua msikilizaji. La tatu liko mikononi mwako kabisa.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu ukikijua utajua kinachokishinda. (Jina ni moja na udi wa kufukiza, na asili ni moja: kwa Kiarabu ud ni mti, kijiti.) Kwa kawaida una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene unaokaa peke yake. Mtindo mmoja wa kutyuni unaotumika sana, kuanzia uzi mnene, ni do, fa, la, re, sol, do. Shingo ni fupi na haina vigawanyo kama vya gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kusimama popote na kuteleza popote. Urefu wa uzi unaolia, kutoka darajani (kipande cha usoni kinachobeba nyuzi) hadi mwisho wa shingo, ni kama sentimita 61 kwa udi wa Kiarabu na kama 58 na nusu kwa udi wa Kituruki. Uso ni ubao laini wa jamii ya msonobari, unene wake milimita mbili au pungufu, umeshikizwa kwa ndani na vijiti vyembamba. Nyuzi nyembamba ni za nailoni. Zile nene zina kiini cha hariri au nailoni kilichozungushiwa waya.

Nyuzi hizo hazivutwi kwa nguvu kama za gitaa la chuma. Sauti inatoka laini, inajaa haraka, kisha baada ya sekunde moja au mbili imekwisha. Ndiyo sababu mpigaji akitaka kuishikilia noti huitetemesha risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, mbele na nyuma kwa kasi. Na ndiyo sababu pia fidla, ambayo upinde wake unaweza kuvuta noti moja muda wote utakao, huufunika udi bila hata kukusudia. Risha nayo zamani ilikuwa unyoya wa tai. Leo ni plastiki au pembe, ndefu kuliko kidole cha kati, na wapo wanaoichonga wenyewe kutoka kwenye kipande cha chupa. Ikiwa ngumu sana husikii ila mkwaruzo. Ikiwa laini sana uzi mnene haushtuki.

Sasa mahali. Pazuri kuliko pote pa kusikiliza udi hapa pwani ni chumba cha nyumba ya mawe, na hili si suala la mapenzi ya mambo ya kale. Ni suala la vipimo. Dari ya nyumba hizo imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo chumba, hata cha tajiri, hutoka chembamba na kirefu. Mpigaji akikaa katikati, kila ukuta mrefu uko mita moja na nusu kutoka kwake. Sauti inagonga ukuta na kurudi upesi mno kiasi kwamba sikio halitambui mwangwi. Linahisi tu kwamba udi umeongezeka nguvu. Ukuta wa matumbawe uliopigwa chokaa unarudisha karibu kila kitu, pamoja na ule mkwaruzo mwembamba wa risha ambao nje hupotea kwanza. Juu, boriti zilizopangwa kwa nafasi huivunja sauti isirudi chini kwa kishindo kimoja. Chini, mkeka au zulia hula ziada. Nyumba za kale za Lamu zina jambo jingine la kushangaza: ukuta wa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya lipu vya kuwekea mapambo. Ukimkalisha mpiga udi ameukabili ukuta ule, kila kidaka kinaitawanya sauti kivyake, na noti inakuja mviringo, haina pembe.

Chumba kikiwa kitupu kina hatari yake. Kuta mbili ndefu zinazotazamana, hakuna pazia, hakuna watu: piga kofi moja na utasikia "trrr" kama bawa la njiwa. Udi ukipigwa humo, kila pigo la risha linazaa mkia wa kelele, na taksimu, yaani kipande cha udi peke yake, inageuka uji. Dawa ni rahisi. Tandika mkeka na juu yake zulia, tundika khanga au pazia nzito ukuta mmoja tu, na waketishe wasikilizaji chini kwenye kuta zote. Watu 15 hadi 20 wanatosha kukituliza chumba cha mita tatu kwa nane. Wakizidi 40, miili na nguo zao zinaanza kuinywa sauti na walio mwisho wanabaki kuangalia mkono tu. Piga kofi tena watu wakishaingia. Kofi likisikika fupi, kavu kidogo, lenye uhai kidogo, chumba kiko tayari.

Katika vyumba kama hivyo, bila umeme wowote, ndimo ilimokulia taarabu ya Siti binti Saad na wenzake, Subeit bin Ambar akiwa kwenye udi na Mbaruk Effandi Talsam kwenye fidla. Kikundi kilipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, kilikuwa kidogo vile vile: sauti ya mwimbaji, vyombo vichache vya nyuzi na mdundo. Udi katika kundi la watu watano una nafasi. Katika okestra ya watu 25 unahitaji msaada.

Kuhusu pa kukaa, sheria ni moja na haibadiliki. Mpigaji wa mkono wa kulia akikukabili, shingo ya udi inaelekea kulia kwako, na daraja na mkono wa risha viko kushoto kwako. Kaa mbele yake, ukisogea kidogo kushoto, mita mbili hadi tatu. Hapo unausikia uso wa udi moja kwa moja na risha yote. Ukikaa upande wa shingo utasikia vidole vikiteleza na mvumo wa tumbo, lakini maneno ya udi yatakupita. Nyuma ya mpigaji ni mahali pabaya kabisa. Tumbo la mbao linakurudishia mvumo tu.

Baada ya chumba cha nyumbani, nenda kwenye mazoezi ya klabu. Unguja ina klabu mbili kongwe zinazojulikana na kila mtu: Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, ya mwaka 1958. Mazoezini hakuna nguo za sare wala mbwembwe za jukwaani, na spika kama zipo huwa ni za mwimbaji peke yake. Mgeni mwenye adabu anayebisha hodi, akasalimia wakubwa kwanza na akakaa kimya, kwa kawaida hafukuzwi. Fika mapema, kabla hawajaanza, ili usikie wanavyotyuni. Nyuzi 11 hazikai sawa kwa dakika moja. Kodiani haibadiliki sauti yake, kwa hiyo ikiwapo wote huifuata: ganuni, fidla, udi. Sikiliza jozi ya nyuzi mbili zikivutwa zifanane. Zikitofautiana kidogo, sauti inatikisika "wa-wa-wa" kama taa inayokaribia kuzima. Kadiri zinavyokaribiana mtikisiko unapungua kasi, mpaka unakoma na jozi inalia kama uzi mmoja mnono. Ukishalisikia jambo hilo mara moja, jukwaani utajua papo hapo udi ulioingia haujawa tayari.

Kodiani hiyo hiyo ndiyo adui wa udi kwa upande mwingine. Makamu, yaani mipangilio ya noti inayofuatwa na wimbo, kama rasti, bayati na sika, yana noti zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda. Katika rasti inayoanzia do, noti ya tatu iko chini kidogo ya mi na juu kidogo ya mi iliyoshushwa nusu. Udi na fidla zinaifikia bila taabu. Kodiani ya kawaida haiwezi. Mpiga kodiani stadi huiruka noti hiyo au huigusa na kuondoka. Asiye stadi huikandamiza, na hapo mpiga udi ana mawili tu, kumfuata mwenzake na kuipoteza rasti, au kubaki na noti yake na wasikilizaji wahisi kuna kitu kinachokereketa bila kujua ni nini. Ukitaka kupima okestra nzima, subiri wimbo wa rasti, tega sikio kwenye noti ile ya tatu. Nyimbo za nahawandi na ajam hazina tatizo hilo, na si ajabu vikundi vyenye kinanda cha umeme vikazipenda zaidi.

Usiku wa taarabu ya mtindo wa zamani hufunguliwa na bashrafu, ala tupu bila mwimbaji, umbo lake likiwa na asili ya Uturuki. Ala zote hufuata mkondo mmoja, kila moja ikiuremba kivyake. Usijaribu kuusikia udi kwa kuutafuta juu, huko kumejaa fidla na nai, filimbi ya mwanzi. Shuka chini. Udi mara nyingi unapiga mkondo ule ule hatua nane chini, na unatia vijibu vifupi pale fidla zinapovuta pumzi. Mwimbaji akishaanza, nafasi ya udi ni ule upenyo baina ya mshororo na mshororo: noti tatu, nne, zinazomjibu na kumshika mkono kuelekea mshororo unaofuata. Mpigaji mwenye akili hajazi kila upenyo.

Kisha kuna taksimu, udi peke yake, bila mdundo. Inaanzia chini, inazunguka noti chache mpaka sikio limeijua makamu, inapanda polepole, inafika kileleni, labda inachungulia makamu nyingine, halafu inarudi nyumbani. Dakika mbili zinatosha, tano ni karamu. Kimya kilichopo kati ya fungu na fungu ni sehemu ya taksimu. Mpigaji anakisikiliza chumba kabla ya kusema tena. Anayepiga makofi hapo amekata maneno ya mtu mdomoni, shangwe zina mahali pake, pale noti ya mwanzo inaporudi, na "Allah!" ya chini chini inatosha. Mwirak Munir Bashir, aliyefariki mwaka 1997, alijenga jina lake kwa udi wa namna hii, mtu mmoja na chombo kimoja mbele ya ukumbi uliotulia. Udi wake ulikuwa wa aina ya Baghdad, ambao daraja halikugundishwa usoni. Nyuzi zinapita juu yake na kufungwa chini ya tumbo. Sauti yake ni kali na inakwenda mbali zaidi. Udi wenye daraja lililogundishwa, ambao ndio uliozoeleka pwani, una sauti nene yenye joto, na unakwenda karibu.

Hapo ndipo tunapofika Ngome Kongwe. Ni ngome ya Waomani, kazi ya mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondolewa, na uwanja wake ndio jukwaa mashuhuri kuliko yote Unguja. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwapo tangu 1998, la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, na taarabu imepigwa humo mara nyingi. Kwa udi mahali hapa ni pagumu. Hakuna dari. Kwenye uwazi, kila ukiongeza umbali maradufu sauti inapungua desibeli 6. Ukitoka mita mbili hadi 16 umeshapoteza 18, na udi bila mitambo umekuwa mnong'ono. Kuta za ngome ziko mbali, kwa hiyo badala ya kuitia nguvu sauti zinairudisha imechelewa. Upepo nao haukosi, kaskazi mwezi wa Februari, kusi mwezi wa Julai. Forodhani, ng'ambo ya barabara tu, pana soko la usiku na kelele zake. Adhana ya Isha ikianza muziki unasimama, na ni haki yake. Mpigaji mzoefu hutumia dakika hizo kutulia na mara ikiisha hupapasa nyuzi zake kimya kimya, kwa sababu hewa ya jioni imeshazihamisha.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea fundi mitambo, na makosa yake ni yale yale mwaka hadi mwaka. La kwanza ni kuielekeza maiki kwenye tundu kubwa la udi. Inaonekana ni sawa, sauti si inatokea tunduni? Lakini tunduni hutoka mvumo wa hewa ya tumbo, kwenye hezi 100 hivi, na mvumo huo ukirudi kupitia spika unaanza "vuuum" isiyokoma. Fundi anashusha udi wote ili kuuua mvumo, na usiku wa mpigaji umekwisha hapo. Maiki isimame sentimita 15 hadi 20 kutoka usoni, ielekee kati ya tundu na daraja, au pale shingo inapoungana na tumbo kama sauti ni kali mno. Ivalishwe sponji kwa ajili ya upepo. Kwenye mikisa, punguza desibeli 3 hadi 6 kuzunguka hezi 100, kata kila kitu chini ya hezi 60, na usipande zaidi ya hapo, kwa kuwa uzi mnene uliotiwa do unalia kwenye hezi 65 na ndio unaoubeba wimbo wote. Ongeza kidogo sana kati ya hezi 2,000 na 4,000 ili risha isikike. Basi. Usiutie mwangwi wa bandia, ngome ina wake.

Kosa la pili ni spika ya jukwaani ya kumrudishia mpigaji sauti kuwekwa mbele yake ikiutazama udi. Uso wa udi ni kama ngozi ya ngoma. Ukipigwa na sauti ya spika unatetemeka wenyewe na kulia bila kuguswa. Iwekwe pembeni, ikitazama sikio lake, nyuma ya maiki. Kosa la tatu ni kutegemea kinasa kinachobandikwa chini ya daraja peke yake. Hakivumi, fundi anakipenda kwa hilo, lakini sauti yake ni ya plastiki, kama mtu anayegonga meza kwa kijiko. Ukiweza kuvichanganya, theluthi mbili iwe maiki na theluthi moja kinasa. Na maiki za fidla zilizo jirani zisimame mbali na udi angalau mara tatu ya umbali wa fidla na maiki yake, la sivyo udi utaingia humo umechelewa na kujifuta wenyewe.

Msikilizaji wa Ngome Kongwe akae theluthi ya kwanza ya uwanja, karibu na mstari wa katikati. Mbele kabisa utasikia spika moja tu na ngoma. Juu kabisa mwisho utasikia upepo.

Muscat ni habari nyingine. Wapo huko Waswahili wengi wenye asili ya Unguja na Pemba, na udi una heshima kubwa kiasi kwamba una chama chake cha wapenzi na wapigaji. Majlisi ya nyumbani imejaa mazulia, magodoro na mito hadi ukutani. Sauti inakufa ilipozaliwa. Utasikia kucha, utasikia pumzi ya mpigaji, hutasikia ule mviringo wa chumba cha chokaa. Kwa mwanafunzi ni mahali pa dhahabu, kwa kuwa hakuna kosa linalofichika. Katika kumbi kubwa, kama Jumba la Opera la Kifalme lililofunguliwa 2011, tatizo ni kiyoyozi. Hewa kavu inavifanya vigingi vya kukazia nyuzi vipungue na kuteleza, wakati pwani yetu wakati wa masika vinavimba na kukwama. Mpigaji anayetoka nje kwenye joto na kuingia ukumbi wa baridi anahitaji kufungua kasha la udi na kuuacha nusu saa kabla ya kuugusa, kisha atyuni, kisha atyuni tena. Ukimwona anatyuni katikati ya onyesho, mvumilie.

Kabla ya udi kutawala, pwani ilikuwa na gambusi, ambalo Lamu liliitwa pia kibangala, na Wangazija bado wana gabusi lao. Linachongwa kutoka kipande kimoja cha mti, uso wake ni ngozi ya mbuzi, na lile la asili ya Yemen lina nyuzi saba: jozi tatu na uzi mmoja pekee. Ukibahatika kulisikia, usilitarajie liwe udi mdogo. Ngozi inaitoa sauti kavu, fupi, yenye ncha, na kwa ajili hiyo linavumilia ua wazi na uchochoro kuliko udi. Shida yake ni unyevu. Ngozi ikinywa hewa ya bahari inalegea, nyuzi zinashuka, sauti inakuwa butu. Jua la asubuhi au joto la makaa kwa mbali linairudisha. Kwa mbali, nasisitiza, gundi haipendi moto.

Ukitaka kurekodi kwa simu, iweke mita moja hadi moja na nusu kutoka kwa udi, upande ule ule wa kushoto, juu ya kitambaa kilichokunjwa wala si mezani tupu, kwani meza inabeba vishindo. Izime mawasiliano. Zima pia kile kipengele cha kupunguza kelele kama simu inakuruhusu, maana hukiona kimya cha taksimu kuwa ni kelele na kuanza kukichezea.

Imebaki harusi ya Mji wa Kale, Mombasa, ya mtindo wa zamani: turubai limefungwa kutoka nyumba hadi nyumba, viti vya kukodi, jenereta kwenye kona, na kundi dogo la udi, tabla, kinanda na pengine tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo. Huu ndio ulikuwa uwanja wa Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, aliyekuwa akiimba na kupiga udi mwenyewe. Mwimbaji anayepiga udi mwenyewe ana faida moja ambayo okestra haina: udi unajua atavuta pumzi lini. Ana na shida yake. Maiki ya mdomo inaunasa udi, maiki ya udi inanasa mdomo, na zote mbili zikifunguliwa sana sauti inakuwa kama inatoka mtungini. Kundi likiwa dogo, maiki moja nzuri ya kifuani, sentimita 40 hivi, mara nyingi inashinda mbili.

Uchochoro wenyewe ni rafiki, kuta zake za matumbawe zinafanya kazi ya chumba, na turubai zito linazuia sauti isipae. Vinavyoharibu ni viwili. Jenereta ikiwekwa kwenye kona ya karibu, ngurumo yake inakaa pale pale zinapokaa nyuzi nene za udi. Isogezwe pembe ya pili ya nyumba, waya urefushwe. Na kuna tuzo. Wimbo ukikolea watu wanainuka na noti za fedha mikononi, wanacheza hadi mbele ya mwimbaji, wanasimama baina ya udi na maiki, wananing'iniza kanzu na buibui juu yake, wanaipiga teke miguu ya stendi. Kutunza ndiyo roho ya taarabu, hakuna wa kuwazuia. Weka stendi yenye mguu mzito, ifunge waya kwa plasta chini, na mkalishe mpiga udi pembeni kidogo mwa njia ya watunzaji.

Chunguza pia kama unachokisikia ni udi. Tangu taarabu ya kisasa ishike kasi miaka ya 1990, vinanda vya umeme vina sauti iliyopewa jina hilo hilo. Haitelezi kutoka noti hadi noti, risha yake inakwaruza sawasawa kila mara, na jozi zake hazitikisiki kamwe.

Usiku ukiwa mkubwa, saa tisa hivi, wageni wengi wameshaondoka. Mara nyingine jenereta huzimwa mapema kuliko ilivyopangwa, spika zinakufa, na wapigaji waliobaki hawaoni sababu ya kusimama. Acha kiti chako. Vua viatu, kaa mkekani mita mbili kutoka kwa mpiga udi, upande wa risha.